Waya Mweusi wa Pikipiki ya Mjomba Mayunga

Bariadi, Jumapili alasiri

Nkwimba mwanangu,

Umekwenda Kasoli kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili na kufungiwa karanga za njiani. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga gereji, nimekaa kwenye kile kiti kibovu cha basi, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa vifaa. Ukiona doa pembeni ni oili, nimefuta meza lakini unaijua meza yenyewe.

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Amekuambia habari ya chandarua, habari ya kutokula vya kupewa na abiria usiyemjua, habari ya kuandika barua ukifika chuoni Morogoro. Mimi nikianza nayo nitarudia yale yale kwa sauti nzito zaidi, na wewe utaitikia huku unafikiria mambo mengine. Nina jambo moja tu, nalo nimelificha miaka minane. Linamhusu mjomba wako Mayunga, mdogo wake mama yako.

Mayunga hakuiba petroli. Nilijua kwamba hakuiba, nilijua yeye akiwa bado yupo hapa kijijini, na nilinyamaza. Mama yako mpaka saa hii ninapoandika hajui. Nimeamua kwamba kabla hujapanda treni kesho pale Malampaka, mjue ninyi wawili. Namwogopa mama yako kuliko ninavyokuogopa wewe, ndiyo maana nimeanza na karatasi.

Gereji hii umeizoea, lakini kabla ya soko huria sikuwa na gereji. Nilikuwa fundi wa pikipiki wa chama cha ushirika. Mabwana shamba walikuwa na pikipiki za Kijapani, zote za aina moja, nami nilizijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Kwenye pikipiki zile waya mweusi ulikuwa wa bodi, ule wa kurudisha umeme kwenye chuma. Miaka kumi na tano nilifunga waya mweusi kwenye chuma cha fremu bila kufikiri, kisha nikatafuta moto kwingine. Nilikuwa na taa yangu ya kupimia, balbu ndogo niliyoichomelea nyaya mbili. Ikiwaka kuna moto, isipowaka hakuna. Mafundi wengine walipozungumzia mita niliwacheka, nikawaambia mita ni ya watu wasio na macho.

Halafu wakaja wanunuzi binafsi. Chama hakikuwa na malori ya kubeba pamba wala fedha za kumpa mkulima papo hapo, na hao wapya walikuja na vyote viwili. Karakana yetu tuliikuta asubuhi moja ina kufuli jipya, sisi tukiwa nje na chupa zetu za chai. Mjomba wako yeye alibahatika. Kampuni mojawapo ilimwajiri kuzungukia vituo vya kununulia pamba, Kasoli mpaka Zagayu, akikagua mizani na maturubai. Wakampa pikipiki kubwa ya Kizungu iliyoachwa na mtaalamu mmoja aliyemaliza mkataba wake. Unaikumbuka. Alikuwa akikupandisha juu ya tenki anakupeleka shule, nawe ukipita wenzako wanaotembea unajifanya huwaoni.

Pikipiki ile haikuwa na kabureta. Ilikuwa na kompyuta chini ya kiti, na kwenye ekzosi kulikuwa na kifaa kilichofungwa kama plagi. Chuoni watakuambia ni sensa. Mimi nilikiita pua, kwa sababu kazi yake ni kunusa moshi: mafuta yakizidi, pua inaiambia kompyuta ipunguze, hewa ikizidi inaiambia iongeze. Hayo yote niliyajua baadaye, nimeshaharibu.

Siku moja, kwenye mashimo ya barabara ya Zagayu, kibanio cha nyaya za ile pua kilikatika, nyaya zikaangukia ekzosi zikaungua. Mayunga akaileta kwangu, wakati huo nafanyia kazi nje ya nyumba, chini ya bati. Pua ilikuwa na nyaya nne: mbili nyeupe, mmoja wa kijivu, mmoja mweusi. Upande wa pikipiki rangi zilikuwa nyingine kabisa, na soketi ya katikati ilikuwa imeyeyuka ikawa donge. Nyeupe zilinipa kazi kidogo nikazipatia, hizo ni za kuipasha pua moto. Zikabaki mbili. Nikagusisha taa yangu huku, nikagusisha kule, haikuwaka. Umeme wa pua ni mdogo mno, Nkwimba, haufiki hata volti moja, hakuna balbu itakayouona. Lakini siku ile mimi niliona taa haijawaka, nikaridhika. Nikatazama rangi. Mweusi nikaufunga bodi, wa kijivu nikaupeleka kwenye kompyuta. Nikazungushia tepu, nikapiga stata, ikawaka mara moja.

Mayunga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wabeja, shemeji," akanishukuru. "Mwanza waliniambia nisubiri mwezi mzima."

Meneja wa kampuni naye akaja kutazama. Akasema wakileta pikipiki nyingine, zote zitakuja kwangu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, mpaka mama yako akasema nimeanza kukohoa kama diwani.

Nilikuwa nimeziunga kinyume. Kwenye pua ile mweusi ndio unaobeba habari, na wa kijivu ndio wa bodi. Kwa hiyo kila pua iliponusa, kompyuta ilisikia kwamba hewa ni nyingi, ikaongeza mafuta, ikaongeza tena. Pikipiki ilikwenda vizuri tu kwa mtu asiyejua, ila ilikunywa petroli kupita kiasi. Petroli ya wiki ikawa inakwisha siku ya nne. Na siku hizo petroli ilianza kuuzwa kwenye chupa kando ya barabara, kila mwenye pikipiki ya kazi akidhaniwa ndiye anayezijaza.

Mjomba wako alikuja kwangu mapema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, alikuja mapema.

"Shemeji, naomba uipime tena hii. Inanuka. Nikirudi nyumbani hata shati linanuka petroli."

"Nimeshaipima."

"Ipime tu tena. Meneja ameanza kuniangalia vibaya."

"Wewe ni fundi?"

"Mimi si fundi, shemeji."

"Basi endesha, kutengeneza niachie mimi."

Sikufungua hata plagi. Ningefungua ningeikuta imejaa masizi meusi, na masizi yale yangeniambia kila kitu bila mita wala taa. Ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa na spana mkononi, nikaiweka chini ili aone kwamba sina mpango wa kuifungua. Nilichukia kuulizwa mara ya pili, basi, hakuna sababu nyingine.

Wiki mbili baadaye meneja akaja mwenyewe. Akaniuliza kama pikipiki ina tatizo. Nikasema haina, ni nzima. Akaniuliza, sasa petroli inakwenda wapi? Nikapandisha mabega. Mtu akipandisha mabega hajasema kitu, nilijifariji hivyo, lakini wote wawili tulijua nimesema nini.

Mayunga akafukuzwa kazi, na habari ikafika kwa sungusungu waliokuwa wakilinda kijiji. Ulikuwa darasa la tatu, mkutano ulifanyika kwenye kiwanja cha mpira wa shule yenu, mchana, ninyi mkiwa madarasani. Wakaniita mbele kama fundi. Nikasema nilichomwambia meneja. Mayunga akasimama, akasema hawezi kukiri jambo ambalo hakulifanya, akaomba niulizwe tena. Nikaulizwa tena. Mama yako alikuwa amekaa na wanawake, amejifunika kanga mpaka usoni. Ningeweza kusema neno moja tu pale, "sijapima," na hilo lingekuwa kweli, na lisingeniua. Nikasema pikipiki ni nzima.

Wakamtenga. Hukuwahi kuelezwa maana yake, mliambiwa tu msiende kwake. Mtu aliyetengwa haamkiwi. Hapewi moto, hapewi maji, hasaidiwi kubeba mzigo, na anayemwamkia anaadhibiwa pamoja naye. Ingekuwa hivyo mpaka akiri na kutoa ng'ombe wa faini. Ng'ombe alikuwa naye. Alichokataa ni kukiri.

Sasa sikiliza nilivyojua. Kampuni iliweka mwendeshaji mpya, na siku yake ya pili akaja akiisukuma. Alikuwa ametoka jana yake na tenki limejaa, na petroli imemwishia kabla ya kufika Zagayu. Kijana mpole, alidhani hajui kuiendesha. Nikamwambia aiache. Nikaenda sokoni kwa yule mzee fundi wa redio, nikaazima mita yake, ile niliyokuwa nikiicheka. Nikatia petroli kidogo, nikawasha pikipiki, nikaiacha ipate moto, nikagusisha mita kwenye ule waya wa kijivu na bodi. Mshale ulitakiwa upande kidogo, ushuke, upande. Ukarudi nyuma. Ulikwenda kushoto ya sifuri ukagonga ukingo wa kioo. Nikafungua plagi, zote nyeusi. Nikafungua tepu yangu, nikabadilisha zile nyaya mbili, nikafunga tena. Mshale ukaanza kucheza inavyotakiwa.

Nilikaa chini. Nilijua la kufanya: kuinuka, kwenda kwa meneja, kutoka hapo kwenda kwa mwenyekiti wa sungusungu, kutoka hapo kwa Mayunga. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Meneja alikuwa ameshaniambia kuwa watanijengea kibanda cha gereji kwa ajili ya pikipiki zao. Hii hii ninayoandikia. Nikajiambia nitasema kibanda kikiisha.

Na hapa ndipo kuna ubaya ambao sikuutarajia. Baada ya kuitengeneza, pikipiki ikaacha kunywa. Yule mwendeshaji mpya akawa anamaliza wiki na petroli inabaki. Meneja akawaambia watu wote, mnaona? Amebadilika mwendeshaji tu na petroli inatosha. Hata waliokuwa wakimtetea Mayunga wakanyamaza. Uharibifu wangu ulimtia mashakani, lakini kutengeneza kwangu ndiko kulikommaliza.

Siku chache baada ya hapo nilikuwa nakurudisha kutoka kisimani, wewe na kidumu chako. Tukakutana naye njiani. Alikuwa amekonda. Mimi nikaangalia majanini. Wewe ukamwamkia kwa sauti kubwa, kama ulivyofundishwa nyumbani, "Mwangaluka, mjomba." Akasimama, akakuitikia. Nikakuchapa kofi. Ulianguka na kidumu, maji yakamwagika yote, ukanitazama bila kulia kwa sababu hukuelewa umekosa nini. Yeye akasema, "Usimpige mtoto, shemeji. Sitapita tena njia hii." Niliyekuwa nastahili lile kofi ni mimi, niliyeujua ukweli tayari kwa wiki kadhaa. Sijui kama unalikumbuka. Mimi mkono huu nikiunawa nalikumbuka.

Aliondoka wiki ile. Mtu wa Malampaka alisema alimwona stesheni akipanda treni ya kwenda Tabora, ana begi moja, peke yake. Hakuna aliyemsindikiza kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa. Tangu hapo hatujapata habari yake. Bibi yako, mama yake, alipougua, alikuwa akisikia mlango anauliza, "Ni Mayunga?" Alipofariki tulitafuta wa kumpelekea taarifa tukamkosa, na mama yako mpaka leo analia kwamba mdogo wake aliiba, na kama hiyo haitoshi, hakuja hata kumzika mama yake. Nimemsikia akisema hayo mara nyingi. Nilikuwa nikimpa maji ya kunywa, nikimwambia anyamaze.

Usidhani sikujaribu, ingawa nilijaribu kwa kuchelewa. Nimekwenda Malampaka mara tatu kuuliza. Nimewauliza madereva wa malori ya pamba, nimewauliza watu wanaokwenda migodini. Nimetuma salamu kwa kila anayekwenda Tabora. Mwenyekiti wa wakati ule ameshakufa. Kampuni imefunga, meneja sijui yuko nchi gani, ile pikipiki iliuzwa ikaenda zake. Hata nikisimama leo kwenye kiwanja kile nikakiri, watasikia vijana wasiomjua Mayunga. Nimezoea kwamba kitu kikiharibika kuna mahali pa kuanzia, unashika waya unaufuata. Hiki sina pa kukishikia, na ninaona aibu kukuandikia hivyo wewe unayedhani najua kila kitu.

Leo kanisani walipokuita mbele kukuombea safari, mchungaji alikuuliza kwa nini umechagua umeme wa magari, kazi ya wanaume. Ukajibu, "Kwa sababu baba yangu hajawahi kushindwa na waya." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia viatu vyangu mpaka wimbo ulipoanza. Ungesema unaipenda kazi tu, pengine ningekaa na hili mpaka nife. Lakini siwezi kukuacha uende kujifunza kuwa mtu ambaye hayupo.

Kuhusu kazi nitakuambia machache, mengine watakufundisha wenye vyeti. Usiamini rangi ya waya hata kama imekutumikia miaka kumi na tano. Ufuate kwa mkono mpaka unapoishia. Kifaa chako cha kupimia kisipoonyesha kitu, jiulize kwanza kama kina uwezo wa kukiona. Mwenye chombo akikuambia kinanuka, fungua plagi, hata kama ulifungua jana, hata kama ana dharau, maana yeye ndiye anayekipanda kila siku. Na ukiulizwa jambo ambalo hujalipima, sema hujapima. Linaudhi kulisema mbele ya watu. Mimi sijui kama ningekuwa na nguvu ya kulisema hata leo, na sitajifanya kwamba ninayo.

Ukikutana na mtu anaitwa Mayunga, mrefu, mwenye kovu la pembe ya ng'ombe kwenye mkono wa kushoto, sikutumi umwambie nimetubu. Hayo ni yangu. Mwamkie tu. Nchi ni kubwa na najua hutamwona.

Sasa naiacha karatasi hapa. Mama yako yuko uani anachambua mchele wako wa safari. Nakwenda kumwambia.

*

Nimerudi. Jua limeshuka kidogo, wewe bado hujafika.

Nilikaa kwenye kinu mbele yake nikamweleza yote, tangu waya mpaka kofi. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, anatoa chuya moja moja anaziweka pembeni. Nilipomaliza alitikisa ungo, akaniuliza jambo moja.

"Mama alipokuwa anauliza kama ni Mayunga mlangoni, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Akamimina mchele kwenye mfuko, akaufunga fundo, akafungua, akaufunga tena. Nilimwomba anitukane. Hakunitukana. Akasema, "Kesho Malampaka nitampeleka mimi. Wewe usije." Akaingia ndani. Nimekaa pale uani na ungo mtupu muda mrefu, nikasikia anafungua kabati, nikasikia sanduku linaburutwa.

Kwa hiyo kesho, Nkwimba, treni ikianza kuondoka usinitafute dirishani. Nilikuwa nimeshanyoosha shati la kukusindikizia. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, uisome mkiwa njiani kwenda Malampaka, na ukikasirika kasirika sana, usiharakishe kunisamehe kwa sababu uko mbali na unanikumbuka.

Begi lako lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Nimepita hapo sasa hivi kuchukua kalamu nyingine, na pembeni yake kuna sanduku la mama yako, limefungwa kamba. Sikumuuliza linakwenda wapi.

Baba yako